Chupa Aliyoinywa Mhasibu

Mwenzangu, shika simu! Nacheka peke yangu.

Unajua wanavyoniangalia kazini tangu lile bomu la stesheni. Siku tano sasa, kisa hijabu yangu, utadhani nimelitega mimi. Na binamu yangu aliyefia humo humo tumemzika juzi!

Leo mlinzi wa getini kanipekua mkoba, katoa ile chupa. ILE CHUPA. "Nini hii?" Maji, kaka. "Basi kunywa tuone."

Ninywe vipi na nimefunga? Si nalipa siku zangu za Ramadhani! Nikamwambia siwezi. Weee! Foleni nzima ikarudi nyuma.

"Umefunga, sasa maji ya nini?" Nitajieleza vipi mbele ya wanaume wote wale?

Mara huyo mhasibu, yule mama ambaye tangu siku ile haitiki hata salamu yangu. "Ya kufuturu hiyo, we mjinga!" Kampokonya chupa, kainywa yote. Yote! "Ni maji! Mwacheni mtoto wa watu!" Kanikumbatia, analia.

Mwenzangu, kainywa YOTE.

Maji safi, nimeyakinga bombani asubuhi. Lakini chupa ndiyo ile ninayoingia nayo chooni kujisafishia! Na huyu ndiye mtu wa kwanza ofisini kuniamini. Ningemwambia nini?

Sasa hivi kaniwekea mezani chupa mpya, imejaa pomoni. "Ya kufuturu, mwanangu. Yako nilikumalizia."

Hii haiingii chooni hata nishikwe na tumbo la kuhara.