Vipande Viwili vya Maini

Jumanne, 9 Juni

Leo nimempima Mkaguzi. Kifua inchi ishirini na mbili, kiuno kumi na tisa. Chaki yangu kaila. Miaka ishirini na saba nashona nguo za watu, hakuna mteja aliyewahi kunilamba uso!

Daktari wa wanyama anasema akishapasuliwa asiufikie mshono kwa ulimi. Ama kola ya plastiki, ama fulana ya kubana. Fulana naiweza. Vifungo vitakaa mgongoni.

Uvimbe uko kwenye chuchu ya nyuma. Mama mkwe ndiye aliyeugundua – macho yake hayaoni vizuri, vidole vinaona. Mbwa hushinda miguuni pake. Jina nalo alimpa yeye, maana hakuna mfuko unaoingia humu ndani bila kukaguliwa. Mwezi uliopita uvimbe ulikuwa punje ya harage. Sasa ni limau.

Jumatano, 10 Juni

Upasuaji ni kesho. Tangu jioni hii asile kitu. Mke wangu katusomea sheria wote, lakini macho yalikuwa kwa mama yake.

"Mama, nakujua. Mkono wako una safari zake chini ya meza."

"Leo hausafiri," Mama kajibu. "Umenyimwa ruhusa."

Tumecheka sana. Mkaguzi peke yake hakucheka.

Alhamisi, 11 Juni

Niliamka wa kwanza. Mkaguzi alikuwa amekaa mbele ya bakuli tupu, ananitazama bila kulalamika. Angebweka ningemkaripia. Nikafungua sufuria ya maini ya jana. Kipande kimoja. Nikajiambia hakina neno. Basi cha pili kikakifuata. Nikanawa mikono kama mwizi.

Kliniki, daktari kauliza: hajala? Mke wangu kasema hajala. Daktari kanigeukia mimi. "Hajala," nikasema. Tena kwa sauti nzito, ya baba mwenye nyumba!

Saa saba katuita. Uvimbe umetoka wote. Ila alitapika akiwa kwenye dawa ya usingizi, na matapishi yameingia kwenye mapafu. Vipande vya maini. Nani kampa?

Mke wangu hakuwaza hata kidogo. "Ni mama."

Nami nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vinang'aa.

Ijumaa, 12 Juni

Mkaguzi yuko nyumbani. Fulana imemkaa vizuri – nimejipongeza, mjinga mimi. Anakohoa. Hali chakula.

Mama kasema hakumpa kitu. Mke wangu kamwambia hakuna anayemgombeza, akubali tu yaishe. "Sijampa, mwanangu." Mara ya tatu kaisema polepole, kama mtu anayepapasa sindano iliyoanguka.

Mimi nilijichimbia kwenye cherehani. Nimeshona gauni la jirani, mkono wa kulia nje ndani.

Jumamosi, 13 Juni

Sindano asubuhi, sindano jioni. Pumzi fupifupi. Daktari anasema asipopata nafuu kesho, tujiandae.

Nilimfuata mke wangu uani nimwambie. Kanitangulia. "Mama anasahau, mume wangu. Leo maini, kesho ataacha jiko linawaka." Alikuwa analia. Nikamshika bega. Nikarudi ndani na maneno yangu yote.

Mke wangu kahamisha kiti cha Mama hadi mwisho wa meza, mbali na mbwa. Mama kala kidogo. Miguu yake haikujua ikae wapi.

Jumapili, 14 Juni

Homa imepanda. Hanyanyui kichwa.

Saa nne Mama kaja akishika ukuta, kakaa sakafuni – miaka themanini na moja! – kamtafuta Mkaguzi sikio, kalishika.

"Nisamehe," kamwambia. "Labda nilikupa nikasahau."

Mkia ukagonga sakafu mara moja.

Nilidhani yamekwisha. Kanigeukia.

"Baba, wewe siku ile uliamka mapema. Uliniona nikimpa? Usinionee aibu. Mbwa namlilia, lakini nataka kujua kama akili yangu imeanza kuniaga."

Mke wangu alikuwa mlangoni na bomba la sindano. Naye ananingoja mimi.

Nikasema ngoja nikuletee maji, Mama.

Niko jikoni. Glasi imejaa kitambo. Naandika nimesimama, kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo, kana kwamba kuna mtu kaagiza suruali. Mbwa anakohoa. Mke wangu anamwambia mama yake waache, wasinisumbue, mimi nina moyo mwepesi, nashindwa kumwambia ukweli.

Mama ananiita tena. "Baba, hata kama ni mimi –"