Modemu Uliyoiacha Nyarugusu

Kaka Masanja,

Shikamoo. Ni mimi Rehema, mwanafunzi wako wa Runzewe, yule uliyekuwa ukimwita kichwa kigumu. Tangu tukuzike nimekuwa na hasira na wewe. Mtu anaondokaje wakati nyaya bado ziko mezani?

Wamenihamishia hapa Nyarugusu, kwenye kiti chako. Tajiri wetu Mzee Karim bado ana maduka yake yote na ofisi ya Shinyanga, nasi tunaongea duka kwa duka kwa redio ya upepo kama zamani. Ila mwanawe Amin anataka oda ziende kwa barua pepe, kwa ile modemu isiyohitaji waya wa simu: kompyuta iongee nayo, yenyewe irushe kwa redio, Shinyanga wapokee na kuzipeleka kwenye intaneti. Ndiyo kazi uliyoianza, malaria ikakuwahi.

Imenitesa, kaka. Niliichomeka nyuma ya kompyuta kama ulivyonifundisha, taa zikawaka, nikaandika amri, ikanijibu herufi zisizosomeka. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinigonga bega kwa bisibisi: "Kasi zilingane, wewe binti! Mmoja akiongea mbio kuliko mwenzake, wataelewana saa ngapi?" Nikashusha kasi ya kompyuta ilingane na ya modemu. Ikajibu vizuri. Nikalia palepale, mteja aliyefuata sukari akabaki kunishangaa.

Kumbe shida bado. Amin aliagiza modemu isimsubiri mtu, irushe barua muda wowote. Nikaiweka hivyo. Asubuhi yake, katikati ya saa ya salamu, ikapiga mluzi juu ya sauti ya Mama Kulwa wa Ushetu, aliyekuwa akiongea na mwanawe mchimba dhahabu wa huku. Unaijua saa ile: watu wanajaa dukani kusikia ndugu zao, na hakuna anayetaja shida yake kabla ya kuulizia nyumbani, ng'ombe na mvua. Mama wa watu hakufika hata kwenye mvua. Amin akasema basi, salamu ziondolewe, masafa yabaki ya kompyuta. Niliona kama anakuzika mara ya pili.

Nikakataa. Nikairudia mipangilio, nikaipa modemu subira: isikilize kwanza, ikisikia mtu anaongea itulie, irushe pakiwa kimya. Nikamwomba Amin asubuhi moja tu. Barua zisipofika, afanye atakavyo.

Leo Shinyanga wameita vituo. Runzewe wakasalimu. Ushetu wakasalimu, na Mama Kulwa akaongea mpaka akatosheka. Modemu imetulia tu. Kisha wakaita, "Nyarugusu." Wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho siku zote, na salamu yako ya Kisukuma, "Mwangaluka!", ilisikika mpaka barabarani. Nikashika maiki. Sauti haikutoka. Na huko hewani hakuna aliyeniharakisha, hakuna aliyeijaza nafasi yako. Wote walinyamaza, kaka. Walikuwa wanakusubiri.

Katika kimya hicho modemu ikarusha. Barua zote zimefika Shinyanga, na Amin hajataja tena habari ya kuondoa salamu.

Nimekukumbuka mno. Pumzika, kaka yangu. Saa ya salamu nitailinda, na kesho wakiita Nyarugusu, nitaitika.

Rehema