Kisima Kinachokula Saruji

Jumatatu, 11 Agosti 1997, Kasulu

Mume wangu Bazilio kasusa chakula tena. Kanisani wanasema aliuza saruji ya kisima, akajengea mchanga. Fundi mzima! Ila kweli, pete za saruji za chini kisimani zinamong'onyoka tangu mwaka jana. Kisima wamekifunga. Kesho kutwa anakuja Tharsisi, mtaalamu wa maji.

Mimi kisima kilichofungwa kimenifaa. Jumapili tunapeleka posa ya mwanangu Sylvesta, kule Kibondo. Wakwe wale hawafungui mdomo bila pombe ya ndizi. Na mimi kiongozi wa kwaya ya walokole! Basi madumu nimeyashusha kisimani kwa kamba, vifuniko nimelegeza yasipasuke, juu nimetupia majani ya mgomba. Nani atachungulia?

Jumatano, 13 Agosti

Tharsisi kachungulia! Nusura roho inipae. Hakuona kitu, giza tupu. Akakwangua pete kwa msumari aliofunga kwenye mti mrefu. Za juu, ngumu. Za chini, laini kama ukoko uliolowa! Akaeleza: maji ya hapa yanatoka ardhini na gesi, kabonidayoksaidi, ile ya kwenye soda. Inayafanya maji kuwa makali, yanakula chokaa ya saruji polepole. Fundi hana kosa. Nilipiga vigelegele mpaka Mchungaji Nsengimana akanikazia macho.

Watu wakabisha — maji yanawezaje kula saruji? Tharsisi akashusha taa ya chemli. Haijafika majini, ikazimika! Gesi hiyo, mnaona? akauliza. Bazilio leo kala ugali wa muhogo sahani mbili.

Gesi yangu hiyo! Pombe ikichacha inatoa hiyo hiyo, mshumaa hauwaki juu ya mtungi. Nimecheka nimejiziba mdomo kwa kanga.

Ijumaa, 15 Agosti

Yamenifika. Mchungaji kasema taa ilizimwa na pepo. Kesho baada ya maombi anashuka mwenyewe kulikemea! Tharsisi alimwonya, gesi ile inaua bila harufu. Mchungaji kamjibu pepo naye hana harufu. Tharsisi kapanda gari, karudi Kigoma.

Madumu siwezi kuyatoa. Kwaya inashinda pale ikiimba — kwaya yangu mwenyewe!

Nikisema taa ilizimwa na pombe yangu, watasema gesi ya ardhini ni hadithi, Bazilio ni mwizi. Saruji ilianza kuoza mwaka jana, pombe ni ya wiki hii. Nani atanisikiliza mimi, mke wake? Nikinyamaza, Mchungaji anakufa. Mbishi, lakini ndiye aliyemzika mama yangu wengine walipoogopa kipindupindu. Naogopa kweli.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nimesimama dirishani, kisima kiko mbele yangu. Maombi yamekwisha. Mchungaji kavua viatu. Bazilio kamshika mkono, namsikia: Yemwe, jamani Mchungaji, usishuke, gesi ipo! Mchungaji anamjibu: Unatetea mchanga wako wewe.

Sare ya kwaya nimeiacha kwenye msumari. Wataninyang'anya tu. Nimevaa kitenge cha posa.

Mchungaji kafungwa kamba kiunoni. Mguu mmoja umeingia!

Nimepiga ukelele: Subirini! Gesi naijua mimi, nakuja kusema!

Wamegeuka wote. Bazilio anatabasamu — anadhani nakuja kumtetea.