Doa Jekundu Chini ya Gari

Kileleshwa,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwako Baba,

Salamu nyingi. Habari ya huko Satellite, habari ya kuku wako, na kile kifua kimepoa? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechoka.

Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu kwenye simu tunakatiana. Sawa. Kavata akimaliza kazi hapa kwangu anarudi huko, na mlango wake unatazamana na wako, kwa hivyo atabeba barua. Lakini Baba, hata kwenye karatasi mtu anaweza kupiga kelele. GARI INAVUJA!

Nilikuambia hii oili ya giaboksi nikabadilishiwe gereji. Ukakataa. Ukasema hukukaa karakana ya mabasi maisha yako yote ili binti yako akalipe watu wengine. Ukaingia chini ya gari hapo uani kwako, ukatoa oili, ukabadilisha chujio na gasketi, ukaniambia, "Nenda, imekuwa mpya." Imekuwa mpya kweli. Zamani haikuvuja.

Na Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili ndiyo gari ya kuwapeleka nyinyi wazee Mwala na mbuzi za ntheo, za kufunga uchumba wa binamu yangu Mutinda. Niambie nifanye nini.

Binti yako,
Nzisa

---

Satellite,
Jumanne, 4 Machi

Mama,

Umeamkaje? Umekula? Kuku wako salama, kifua kinaniacha usiku na kunirudia asubuhi.

Hiyo si kuvuja. Nilipokuwa najaza, oili kidogo ilimwagika ikakaa juu ya chuma, sasa inadondoka polepole. Ama ni maji ya AC, nyinyi watu wa Kileleshwa hamwezi kuendesha bila baridi. Weka katoni safi chini ya gari, ulale usingizi.

Halafu uniandikie kwa kalamu nene. Barua yako ilikuwa siafu watupu. Mtu amesoma hadi chuo kikuu na bado anabana maandishi hivyo, kwani karatasi unakopeshwa?

Ntheo usiogope. Nitaendesha mwenyewe, kama nilivyosema.

Baba yako

---

Kileleshwa,
Ijumaa, 7 Machi

Kwako Baba,

Natumaini umeamka vyema. Kalamu nene ndiyo hii, nimeichukua kwenye mkoba wa shule wa Debra, na mjukuu wako amelia.

Katoni niliweka. Asubuhi nikakuta doa kubwa kama chapati. Baba, maji ya AC hayana rangi. Hii ni NYEKUNDU, na inateleza kwenye vidole. Norman, yule keateka wa jengo letu, amekuja kusimama juu yake akiwa amekunja mikono. Amesema akiona lingine, gari yangu italala barabarani.

Nilikutumia picha kwenye simu. Umeiona? Mbona hujibu hata neno?

Binti yako,
Nzisa

---

Satellite,
Jumamosi, 8 Machi

Mama,

Salamu kwako na kwa Debra, mwambie nitamnunulia kalamu nyingine.

Picha nimeiona. Ni giza tupu. Ulipiga ukiwa umesimama mbele ya taa. Wekundu sikuona hapo, na macho yangu yamejua oili kabla wewe hujazaliwa.

Labda nati moja imelegea. Kesho nikitoka kanisani nitapitia hapo na spana. Nipikie muthokoi, mahindi yaive vizuri, na usiniwekee nyama ngumu.

Huyo Norman mwambie anisubiri.

Baba yako

---

Kileleshwa,
Jumatano, 12 Machi

Kwako Baba,

Habari za tangu Jumapili? Za kwangu ni mbaya, na leo sitazunguka.

Ulilala chini ya gari na shati la kanisani, ukakaza kila nati mpaka nikasikia chuma kinalia. Ukatoka ukasema, "Kavu kabisa." Baba! Mkono wa shati ulikuwa mwekundu hadi kwenye kiwiko! Nilipokuonyesha, ukasema ni matope. Ukaja mezani ukamimina chai nje ya kikombe, na ukamwita jirani yangu Wangui kwa jina la Jackie, yule jirani mwingine, na Jackie ni mwembamba nusu yake. Nikapangusa meza kwa sababu umenizaa.

Sasa inavuja kuliko mwanzo. Jana kwenye Waiyaki Way, pale Mountain View, nilikanyaga mafuta injini ikanguruma na gari haikusonga. Nyuma yangu kulikuwa na lori. Dereva wake aliniambia maneno ambayo siwezi kukuandikia, na Debra alikuwa kwenye kiti cha nyuma.

Nimechoka, Baba. Niruhusu niipeleke kwa fundi, ama tukodi gari ya Mwala na dereva wake. Jibu moja tu nataka: ndiyo.

Binti yako,
Nzisa

---

Satellite,
Alhamisi, 13 Machi

Mama,

Pole kwa lori. Debra hakuumia? Mungu ni mwema.

Jibu ni hapana. Binti ya Mwangangi apeleke gari kwa fundi, watu waseme nini?

Nawe sikia. Ndugu yangu ameacha Mutinda bila baba. Nikimpelekea mbuzi kwa wakwe zake, nimesimama mahali pa baba yake. Mzee Mwau na shangazi yako Syokau wameshajua nitawaendesha mimi, kama nilivyowaendesha kwenye ntheo zote za ukoo huu. Sasa nifike Mwala nimepakiwa kiti cha nyuma na dereva wa kukodi, kama gunia? Wakwe watasema huyu mzee ameletwa.

Giaboksi ile asiifungue mtu. Ongeza oili. Jumamosi hiyo ulete gari mapema, ufunguo wa pili ninao, usukani nitashika mwenyewe. Na usiniulize tena habari ya chai.

Baba yako

---

Kileleshwa,
Jumatatu, 17 Machi

Kwako Baba,

Salamu. Hujambo? Leo nataka unijibu hilo kweli, si kwa mazoea.

Nimekukosea adabu. Nimepeleka gari kule Kirinyaga Road, kwa fundi anaitwa Thuo. Nilisimama hapo hapo akifungua, nikiwa nimejaa maneno ya kukuandikia. Sampu ikashuka, ile bakuli ya oili chini ya giaboksi. Kulikuwa na gasketi mbili, Baba. Yako mpya, na juu yake ile ya zamani bado imeshikamana na chuma, nusu umeikwangua, nusu iko. Mpya ingekaaje izibe oili? Na vile ulivyokaza, sampu ikapinda. Thuo akauliza, "Nani alifanya hii?" Nikasema sijui.

Maneno yote yakaniishia. Nilikuwa darasa la tatu uliponipa kisu butu na kipande cha injini nikwangue gasketi, na kila nikisema nimemaliza unanirudisha. "Bado. Angalia vizuri." Nililia siku hiyo. Mtu aliyenirudisha vile hawezi kuacha ya zamani ndani kwa uvivu. Wala kwa haraka.

Hukuiona.

Hukuona oili nyekundu, hukuona picha, hukuona kikombe. Kalamu nene si ya kunikejeli. Mama angekuwa hai angejua siku ya kwanza, na mimi nimekaa hapa nakupigia kelele za katoni. Niambie ukweli: unaona kiasi gani? Na ulitaka kuwaendesha Mzee Mwau na Shangazi kwenye Mombasa Road, katikati ya malori, ukiona nini?

Gari imepona. Haidondoshi hata tone. Lakini huwezi kuiendesha Jumamosi.

Binti yako,
Nzisa

---

Kileleshwa,
Jumatano, 19 Machi

Baba,

Kavata amerudi mikono mitupu mara mbili. Anasema uko, unalisha kuku. Simu umezima.

Sawa. Basi leo siandiki kama binti. Jina la Nzisa ulinipa wewe, ni la mama yako, na tangu nizaliwe unaniita Mama. Nilikuwa nadhani ni mapenzi tu. Leo nalitumia. Mwangangi, hutashika usukani. Jumatatu utaenda kwa daktari wa macho, na nitakupeleka kwa mkono. Nimemaliza.

Nzisa, mama yako

---

Satellite,
Ijumaa, 21 Machi

Mama,

Salamu kutoka kwa mtu mjeuri. Kuku wawili wametaga.

Barua ya Jumatatu nilisomewa na Kavata. Hata kalamu nene ilinishinda, mvua ilikuwa inakuja na nyumba ina giza. Alipofika kwenye gasketi akataka kuruka, nikamwambia asome. Kisha nikamfukuza, na sasa nimemwomba msamaha. Hii naandika mwenyewe, nimelaza rula kwenye karatasi. Mistari ikipanda mlima, vumilia.

Jicho la kushoto limejaa ukungu tangu kabla ya Krismasi. La kulia linaona mchana, lakini rangi zimechoka. Nilijua ukigundua utaninyang'anya ufunguo, na mtu bila ufunguo ni mzee. Nikafikiri, acha nimalize ntheo ya Mutinda, halafu niseme. Gasketi niliikwangua, Mama. Niliona nimemaliza. Hakukuwa na mtu wa kunirudisha.

Huyo Thuo wako alikaza nati kwa mkono ama kwa mashine? Muulize. Kama ni kwa mashine, atanitambua.

Kesho utaendesha wewe. Mimi nitakaa mbele, nyuma siendi. Nikisema punguza, upunguze, na usifuate malori kwa karibu. Tukifika Mwala usikimbie kunifungulia mlango mbele ya wakwe. Zunguka polepole, unishike mkono kama unanisalimia. Wataona ni adabu.

Jumatatu tutaenda huko kwa macho. Wewe ndiye umesema, nami nitakataaje?

Ndani ya bahasha kuna kitu kizito. Ni ufunguo wa pili.

Mwanao,
Mwangangi