Ndizi Zilizofichwa Nyuma ya Nyumba

Jumatano, Mbuba

Halafu huyo daktari ninayemsaidia utafiti ndiye mtaalamu wa upotevu wa matunda baada ya mavuno. Mtu mzima na digrii zake zote, ameshindwa kuona ndizi iliyooza Mbuba, msimu huu ambao hata mbuzi wamezikinai.

Tulikwenda kwa Mama Edita kupima ndizi zinazomharibikia akisubiri gari la mnunuzi kutoka Biharamulo. Kwa kuwa wageni wanakuja, alikuwa amefagia uwanja, akatandika majani ya mgomba na kupanga juu yake mikungu mizuri mitupu. Daktari akaipima yote, akatabasamu. Hakuna uharibifu, akasema.

Nikamwomba mama, kwa Kihangaza, atuonyeshe na zilizooza. Akanishangaa.

"Mwanangu, niwatolee wageni uozo? Mtanisemaje huko mjini?"

Nikamtafsiria daktari. Akanijibu kwamba sayansi inapima kilichopo mezani. Mezani! Ndizi zenyewe zilikuwa chini.

Ningecheka, ila ripoti hiyo ndiyo itakayoamua kijiji kipi kijengewe banda la kuhifadhia ndizi. Hapa wataambiwa hawana shida. Na mimi msaidizi wake, nikimwandikia mkuu wake, sijui kama...

Baadaye tulikaribishwa tukae tule. Daktari akaziba pua kwa leso, akaomba viti vyetu visogezwe upande wa pili, maana kuna harufu mbaya inatoka nyuma ya nyumba.

Tukavisogeza.