Lengelenge Nililomwonyesha Mkwe

Alhamisi, jioni

Nimecheka peke yangu mpaka kuku wameshtuka.

Siku tano mkojo unanichoma kama pilipili, nikajua figo zimekufa. Leo nafika zahanati, daktari wa zamu ni nani? Mume wa binti yangu! Mkwe nimwambie habari za kibofu? Afadhali nife. Nikamwonyesha lengelenge la kisigino, la viatu vipya.

Akalifunga kwa adabu, macho chini. Kisha akasema, "Mama, umekwenda chooni mara nne hapo nje. Chumba cha pili yupo nesi, mwanamke mwenzako."

Nesi kapima. Ni maambukizi ya kibofu tu, figo nzima! Dawa ninazo.

Na mimi nilipinga posa yake, nikasema kijana haoni mbele ya pua yake. Kesho jogoo mwekundu ni wake.