Mchanga Mweusi wa Ngazidja

Langoni, Lamu

Kwa dada yangu mpendwa Saadiya,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mdogo ameshaota meno na sasa mnalala. Sisi huku hatujambo. Mimi tu ndiye si mzima sana, lakini usishtuke, si ugonjwa wa kupeleka hospitali.

Najua utacheka kuandikiwa barua zama hizi. Lakini wewe, dada, sauti ninazokutumia kwa simu huzisikiliza jikoni huku mawifi wamekuzunguka, na haya si maneno ya mawifi. Nimempa Musab, anayesafiri kuja kwenu, akutie mkononi mwenyewe. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Mama hajambo. Eda yake inakwisha Ijumaa hii. Miezi minne hii hajapaka wanja wala kutia hina, na udi haujafuka ndani ya nyumba. Bwana Jaafar, fundi wetu wa vitanda, amejizuia kama muungwana, hata salamu hajaleta. Unamjua: tangu mkewe alipofariki amekuwa akija kutengeneza milango yetu ambayo haikuharibika. Kumposa hakuthubutu, kwa kuwa Mama alikuwa mke wa mtu. Sasa ajomba wamekubaliana kwamba eda ikiisha, ndoa ifungwe baada ya wiki moja. Kadhi hana kipingamizi, ila kwa kuwa hakuna cheti cha kifo, anataka mimi niliyeliona kaburi la Baba nifike kwake Jumatatu, niape juu ya Msahafu. Huo ndio ugonjwa wangu niliokutajia.

Unakumbuka kwa nini nilikwenda Ngazidja. Miaka tisa Baba hajulikani alipo. Wengine wanasema jahazi alilosafiria lilizama, wengine wanasema mengine. Kadhi alikuwa tayari kuivunja ndoa zamani, lakini Mama alikataa, akisema hawezi kumwacha mtu ambaye pengine yuko mashakani. Ndipo baharia wa Matondoni aliposema amemwona mtu anayefanana naye katika kijiji kimoja cha pwani, mbali na Moroni. Nikafunga safari.

Sikuwahi kukusimulia ufuo ule vizuri. Mchanga wake ni mweusi, dada, mweusi kama masizi ya sufuria, kwa kuwa ulitoka kwenye moto wa mlima wao zamani. Mtu aliyezoea mchanga mweupe wa Shela husita kuukanyaga. Jua la adhuhuri lilikuwa limeupasha, na joto likapenya soli za viatu vyangu. Watu wa pale huutumia kama dawa: mwenye maumivu ya magoti hujifukia miguu ndani yake. Nilikuta wazee watatu wameketi hivyo. Wa mwisho alikuwa akimwagiwa mchanga na kibinti cha kama miaka sita, huku akimsomesha Alif, Be, Te. Nikaona sikio lake la kushoto, lililochanika ncha.

Dada, Baba yu hai.

Nakuomba radhi kabla hujaendelea kusoma. Ulikuja hapa, ukalia mpaka sauti ikakauka, nami nikakutazama. Tulisoma khitma tukamrehemu mtu aliyekuwa akila wali wake na samaki kwa furaha.

Alinitambua mara moja. Aliniuliza, kwa Kiamu kile kile, nimeshika ndia gani hata nikafika huko, kana kwamba nimetoka dukani. Ana mke na watoto wawili. Hakuzama wala hakufungwa; alishindwa kurudi, basi, na kila mwaka ulimzidishia aibu. Sikumpigia kelele. Nilimwomba kitu kimoja tu: amwandikie Mama talaka, karatasi moja nirudi nayo. Akakataa. Alisema Bi Mwanaarabu hajamkosea lolote, na yeye si mtu wa kumwacha mwanamke asiye na kosa. Alisema hivyo kwa fahari, dada! Kwake yeye, ile miaka tisa ilikuwa heshima aliyompa Mama.

Nilimchukia. Sijawahi kumchukia mtu namna ile, na Mungu anisamehe. Nikiwa njiani kurudi nikaamua kwamba asipomwacha, nitamfisha mimi.

Mama alipouliza kama nimeleta chochote cha kaburini, nilimpa mchanga uliobaki mfukoni mwangu. Akautazama sana, akauliza kama hauchomi, kwa kuwa Baba hakuwa akistahimili joto. Mwalimu Abdulwahid, aliyemhesabia Mama eda, alipoitaka tarehe ya kifo, kwa kuwa eda huhesabiwa tangu siku ya kufa wala si siku ya habari, nilibabaika, nikataja wiki mbili zilizopita. Ningetaja mwaka mmoja, asingekaa eda hata siku moja. Hata uongo sikuujua kuusema.

Nilijiambia kwamba ni kwa ajili yake. Lakini akiolewa na Bwana Jaafar huku mumewe yu hai, hiyo si ndoa, na wewe unajua ni nini. Mama asiyewahi kukosa sala ya Alfajiri, nimtie mimi katika jambo hilo! Na jana aliniambia kwamba miaka tisa alilala upande mmoja wa kitanda, na tangu nilipomletea habari amekuwa akilala katikati. Nikatoka nje nikalia.

Sitaapa. Nitamwambia Mama Jumapili baada ya Alasiri, kisha nitakwenda kwa Kadhi kusema kweli na kumwomba aivunje ndoa ile, iwapo Mama sasa atakubali. Njoo, dada. Usije kwa ajili yangu. Njoo ili nikitoka chumbani mle asibaki peke yake.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu wote. Ajomba wanakusalimu, na Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini. Na zipo salamu nyingine nilizokuzuilia karibu miezi minne hii. Baba anakusalimu. Aliniuliza kama umejaliwa watoto, nami nilimjibu kwamba hayamhusu.

Ni mimi mdogo wako,
Shekhan